Ukuta Uliosimama Vibaya

Nchi yenyewe ipo, msihangaike kuitafuta. Inaitwa Tusonge. Ina bendera, ina wimbo, ina mihuri mingi kuliko barabara, na wananchi wake ni watu wema waliozoea kupiga makofi kabla hawajaambiwa kuna nini.

Mkosi wao ulianza siku ya gwaride. Kiongozi Mkuu alikuwa amesimama kwenye gari la wazi, glavu nyeupe mikononi, akiingia uwanjani kulisalimia taifa. Dereva wake, kwa woga wa kumwendesha mtu mkubwa namna ile, akaingiza rivasi. Gari likatoka uwanjani kinyumenyume kwa mwendo wa heshima, Kiongozi Mkuu bado anapunga mkono. Akapita geti, akawapita wauza ubuyu, akapotelea nyuma ya matangi ya maji. Uwanja mzima ukapiga makofi. Bendi haikuwa na maelekezo ya jambo kama lile, kwa hiyo ikaurudia wimbo wa taifa mpaka midomo ya wapiga tarumbeta ikavimba. Mabalozi wa nchi za nje walitazama viatu vyao.

Kesho yake redio ikatangaza kwamba rivasi ni chombo cha adui.

"Kuanzia leo," alisema Mheshimiwa Pantaleo Luhunga, Waziri wa Utekelezaji wa Matamko, kwa sauti ya mtu anayesoma tanzia, "hakuna gari, baiskeli wala toroli litakalorudi nyuma ndani ya mipaka yetu. Saitimira nazo ziondolewe, maana kutazama nyuma ni nusu ya safari ya kurudi huko. Punda wanapewa muda wa kujirekebisha."

Kazi hiyo ikakabidhiwa Kampuni ya Magari ya Taifa. Hii ndiyo kampuni pekee Tusonge yenye ruhusa ya kuuza gari, na pekee yenye ruhusa ya kuligusa likishauzwa. Ukikaza hata nati moja uani kwako unahesabiwa kuwa umefanya upasuaji bila cheti.

*

Sikudhani Mwinchande hakulisikia tangazo. Yeye ni mpishi wa shughuli. Harusi, arobaini, kuagwa kwa mstaafu, kote huko pilau ni lake. Siku ile alikuwa amesimama juu ya sufuria la vitunguu, na vitunguu vikikaangwa sawasawa hakuna waziri anayesikika. Alichojua ni kwamba pikapu yake, inayobeba masufuria, kuni na wasaidizi wake, ilikuwa inalia breki, na oili yake ilikuwa imekuwa nzito kama uji wa mtama. Akaipeleka Kampuni.

Alipokewa na Bwana Trifoni, Afisa Furaha ya Mteja, aliyevaa tai yenye picha ya spana.

"Karibu nyumbani, mpendwa mteja. Gari linasumbuliwa na nini?"

"Nataka mmwage oili na muangalie pedi za breki. Basi."

"Oili na breki," Trifoni akasema, akitabasamu kama mtu anayesikiliza ombi la mtoto. "Sawa kabisa. Sisi tutaona gari linataka nini."

"Gari halitaki kitu. Mimi ndiye ninayetaka."

"Hilo nalo tutaliangalia, mama."

Wenye kuijua Tusonge wanajua kwamba pale hakuna jambo linalokamilika bila mgeni rasmi na neno la shukrani. Watu hushukuru kwa bomba la maji, hushukuru kwa kopo la rangi, na wapo waliowahi kushukuru kwa kuahirishwa kwa mkutano. Ili moyo huo usipotee, ipo Sheria ya Shukrani, inayosema kwamba mtu aliyeshukuru hadharani kwa kazi hana tena haki ya kuilalamikia kazi hiyo. Sheria fupi, inapendwa sana na mafundi.

Sikudhani aliporudi kulichukua gari alikuta limefunikwa pazia jekundu, viti vimepangwa, na mgeni rasmi ameshaketi. Alikuwa Mkurugenzi wa Kampuni mwenyewe, Mhandisi Daktari Balozi Hezron Mpelumbe, ambaye hakuna aliyejua alikuwa balozi wapi. Alihutubia kuhusu mapinduzi ya giaboksi mpaka mama mmoja kwenye viti vya nyuma akafungua chakula chake akala. Kisha akamnyooshea Sikudhani kipaza sauti.

"Neno la shukrani, Bi Sikudhani."

"Nishukuru nini, Mkurugenzi? Gari lenyewe sijaliona."

Watu wakaguna. Mpelumbe akacheka kicheko cha kibalozi.

"Shukuru kwanza. Utaona baadaye."

Nyuma yake foleni ya wateja ilikuwa imeanza kunung'unika kwamba anawachelewesha, na mchele wa harusi ya Jumamosi ulikuwa bado dukani. Sikudhani akakishika kipaza sauti, akasema, "Nashukuru." Mafundi wakalivuta pazia.

Saitimira hazikuwepo, yalibaki matundu mawili kama masikio ya mtu aliyenyofolewa herini. Akaingia, akawasha, akashika gia. Pale ilipokuwa rivasi palikuwa na kibati kilichoandikwa MBELE DAIMA.

"Rivasi yangu iko wapi?"

"Imepumzishwa," Trifoni akasema.

"Na oili?"

"Oili iko awamu ya pili."

"Mbona breki bado zinalia?"

"Hizo sasa zinalia kwa furaha, mama. Sikiliza vizuri."

*

Kichochoro cha akina Sikudhani kinaanzia barabarani na kuishia kwenye jiko lake. Hakina pa kugeuzia, hata mbuzi akiingia na pembe zake hutoka amezikwaruza. Siku zote yeye huingia kwa mbele na kutoka kwa rivasi. Siku ile pia, kwa mazoea na kwa hasira, aliingia kwa mbele, akasimama pua ya gari imegusa ukuta wa jiko, ndipo akakumbuka. Akakilaza kichwa juu ya usukani, honi ikalia.

Jiko lile lilijengwa na mama yake, marehemu Bi Kuruthumu, tofali moja moja, kwa maandazi. Pembeni mwa mlango palikuwa na alama ya kiganja chake, aliyoibonyeza saruji ikiwa mbichi ili, kama alivyosema mwenyewe, mtu yeyote asije akadai jiko ni lake. Kila asubuhi Sikudhani aliweka kiganja chake juu ya kile kabla ya kuwasha moto. Kilikuwa kimekaa karibu sawa na chake, kidole gumba tu cha mama kilikuwa kinene zaidi.

Jumamosi ikafika, masufuria yamepakiwa, bibi harusi yuko saluni, na pikapu haina pa kutokea. Jirani yake Bi Mwatumu akatokeza kichwa dirishani.

"Shoga, unatoka au unalisalimia jiko?"

"Waite wenzio mje mnisukume kinyumenyume, maneno baadaye."

Wakaja na kanga zao kiunoni, wakaegemeza mabega. Gari lilikuwa limeshaanza kujongea kuelekea barabarani aliposimama mbele yao mjumbe wa mtaa na filimbi.

"Simamisheni! Kusukuma nyuma ni kurudi nyuma kwa miguu. Mnataka kunifungisha?"

"Sasa litoke vipi?" akauliza Bi Mwatumu. "Liote mbawa?"

Sikudhani akaipigia simu Kampuni. Alimweleza Trifoni kila kitu: kichochoro, harusi, jiko. Trifoni akasikiliza kwa upole wa mtu aliyelipwa kusikiliza.

"Jibu ni rahisi, mama. Songa mbele."

"Mbele kuna ukuta!"

"Gari letu haliwezi kuwa na kosa, limetoka sevisi juzi. Ukuta ulio mbele ya gari letu umesimama vibaya. Tunawatuma vijana."

Vijana wenyewe walikuwa Kikosi cha Kunyoosha Njia, wanaume wenye shingo nene na nyundo kubwa, wakiongozwa na Koplo Lazaro. Hawakuwa watu wabaya. Walivua kofia, wakauliza kama kuna mgonjwa ndani, kisha wakalivunja jiko. Wakaanza na ukuta wa mbele, wakamalizia ule wa nyuma, ili gari lipite katikati na kutokea uwanja wa mpira. Sikudhani aliomba upande wa mlango uachwe. Koplo akasema mchoro aliopewa hauna mlango. Nyundo ikapiga, na kiganja cha Bi Kuruthumu kikaanguka chini kikiwa vipande viwili.

"Neno la shukrani," Koplo akasema kwa aibu, akimpa kipaza sauti kilichofungwa waya shingoni. "Samahani, dada. Tumeambiwa tusiondoke bila hilo."

Hakushukuru. Alipiga magoti, akaviokota vipande viwili vya kiganja, akavifunga kwenye kanga, akavipakia pikapu juu ya mchele. Bi Mwatumu akamsogelea.

"Lia, shoga. Utapasuka."

"Nitalia nikishamaliza."

"Ukishamaliza nini?"

Sikudhani akawasha gari, akapita katikati ya jiko la mama yake, breki zikilia kwa furaha.

*

Alikwenda kwa Mkurugenzi kwa mguu wake mwenyewe. Mpelumbe alimpokea katika ofisi yenye kapeti inayomeza viatu, akamwagizia soda.

"Nataka rivasi yangu, na nataka jiko langu."

"Bi Sikudhani, wewe ulishukuru."

"Nilishukuru kabla sijaona!"

"Ndiyo shukrani yenyewe. Anayeshukuru baada ya kuona, huyo anakagua."

"Na jiko? Kwa jiko sikushukuru."

"Jiko limetokana na rivasi, na kwa rivasi ulishukuru. Shukrani hutiririka, mama."

Sikudhani akainywa soda yote, polepole, akiutazama ukuta nyuma ya kiti cha Mkurugenzi. Ulikuwa wa kioo. Upande wa pili yalionekana makochi ya rangi ya dhahabu.

"Kule ni kwa nani?"

"Kwangu," Mpelumbe akasema, akijaa kwenye kiti. "Nimejenga nyumba yangu mgongoni mwa ofisi, nisichelewe kazini. Sebule, bafu la marumaru ya bluu, gereji. Ukitoka gereji uko barabara ya uwanja wa ndege. Na huku mbele ya ofisi ndiko tunakomalizia ukumbi mpya wa maonyesho. Mheshimiwa Waziri atauzindua mwenyewe."

"Ukumbi una milango mingapi?"

"Mmoja. Mlango wa pili ungewafanya watu wafikirie kutoka."

"Hongera," akasema Sikudhani, na akaipangusa midomo kwa ncha ya mtandio. "Hivi, Mkurugenzi, sheria ya kushukuru inawabana na wakubwa?"

"Inatubana wote. Hata mimi nikishashukuru, mjadala umefungwa."

"Vizuri sana. Na pilau la uzinduzi kapewa nani?"

Mpelumbe akamtazama kwa furaha ya kweli. Hakuna kitu kinachomfurahisha mkubwa wa Tusonge kama mtu aliyevunjiwa akirudi kuomba kazi. Akampa tenda palepale, na ruhusa ya kuingia na pikapu mpaka ndani, pilau lisipoe.

*

Siku ya uzinduzi ukumbi ulimeremeta kama meno ya bandia. Mpelumbe aliingia akiendesha gari jipya la Kampuni, lililozaliwa bila rivasi tangu tumboni mwa kiwanda. Waziri Luhunga alikaa pembeni yake, ua kifuani. Wakasimama mbele kabisa, pua ya gari ikitazama ukuta wa mbele wa ofisi, nao pia wa kioo. Watu wakapiga makofi. Kikosi cha Kunyoosha Njia kilipangwa mstari kando, nyundo mabegani, kwa ajili ya heshima. Sikudhani alikuwa amewapitishia sahani zao mapema kambini, nyama juu, na Koplo Lazaro alikuwa ameshindwa kumtazama usoni.

Hotuba ya Mkurugenzi ilikuwa imefika kwenye utoto wake pikapu ilipoingia mlangoni na kusimama katikati. Masufuria yalikuwa yamepangwa juu mpaka yanagusa kizingiti cha juu, kuni zimechomoza pembeni mpaka zinagusa fremu. Nzi waliotaka kupita walisubiri zamu. Nyuma ya pikapu, bampa kwa bampa, msafara mzima wa Waziri ulikuwa umeshajibana na kuzima injini.

Waziri akatazama saa yake, akaruka kwenye kiti.

"Mkurugenzi! Ndege ya Kiongozi Mkuu inatua sasa hivi, na mimi ndiye wa kumpokea. Nitoe hapa!"

Mpelumbe akageuka, akauona mlango. Jasho likamtoka.

"Wewe mama! Ondoa hilo gari!"

"Niliondoe kwenda wapi, Mkurugenzi?" Sikudhani akauliza dirishani, sauti laini kama samli. "Mbele yangu umesimama wewe."

"Rudi nyuma!"

Mtu mmoja aliangusha kijiko. Waziri wa Utekelezaji wa Matamko alijigeuza taratibu, pamoja na ua lake.

"Nani kasema neno hilo?"

"Mimi, Mheshimiwa... nilimaanisha... namaanisha arudi nyuma kwa mbele."

"Haiwezekani, Mheshimiwa," Sikudhani akasema. "Gari hili halina rivasi. Lilitolewa na Mkurugenzi huyu huyu, kwa mikono ya mafundi wake, na mimi nikashukuru."

"Umefanya vyema, mwananchi," akasema Waziri. "Basi wote tusonge mbele."

"Mbele kuna ukuta, Mheshimiwa," Mpelumbe akanong'ona. "Ni ofisi yangu."

Sikudhani akashuka kupitia dirishani, akapita katikati ya wageni na mwiko wake mkononi, akasimama mbele ya gari jipya. Alikuwa ameisubiri sentensi hii kama mtu anavyosubiri mchele ukauke.

"Mkurugenzi, gari lako lina kosa?"

Mpelumbe alimtazama Waziri, akalitazama gari, akautazama ukuta.

"Hapana," akasema. "Halina."

"Basi ukuta umesimama vibaya."

Waziri Luhunga akapiga kofi la kwanza, na kwa kuwa Tusonge ni Tusonge, ukumbi wote ukapokea. "Huo ndio utekelezaji!" akapaza sauti. "Koplo!"

"Mheshimiwa!"

"Ngoja kwanza," akasema Sikudhani. "Kazi haiwezi kuanza bila neno la shukrani. Au taratibu zimebadilika?"

"Hazijabadilika," akasema Waziri, ambaye macho yake hayakutoka kwenye saa. "Mkurugenzi, shukuru haraka."

Trifoni, kwa mazoea ya kazi yake, alikwisha kuleta kipaza sauti. Mpelumbe alikishika kama mtu aliyeshikishwa nyoka.

"Mheshimiwa, naomba nijue kwanza watavunja mpaka wapi..."

Sikudhani akamsogelea karibu, karibu kabisa, mpaka Mpelumbe akasikia harufu ya iliki na moshi.

"Shukuru kwanza," akamwambia. "Utaona baadaye."

Akashukuru. Ilisikika mpaka nje.

Koplo Lazaro aliinua nyundo, na safari hii hakuona aibu. Kioo kilianguka kama mvua ya mawe. Meza ya Mkurugenzi ikasogezwa kwa teke, kapeti ikameza vigae vya kioo. Ukafuata ukuta wa sebule. Mpelumbe aliendesha gari lake jipya katikati ya makochi yake ya dhahabu, Waziri pembeni akimhimiza, "Mbele, Mkurugenzi, mbele!" Wakapita bafuni, marumaru ya bluu yakipasuka chini ya tairi. Nyuma yao ilifuata pikapu ya Sikudhani, breki zikilia kwa furaha. Nyuma yake msafara, na nyuma ya msafara wageni waalikwa na sahani zao.

Ukuta wa mwisho ulikuwa wa gereji. Ulipoanguka, wote wakasimama.

Ndani mlikuwa na gari binafsi la Mkurugenzi, linang'aa, lina saitimira zote mbili. Na lilikuwa limeegeshwa pua ikitazama nje.

Waziri alilizunguka mara moja.

"Gereji ina mlango mmoja," akasema. "Gari hili liliingiaje?"

Ukutani, kwenye rafu zilizofika darini, zilipangwa saitimira za taifa zima, na chini yake, ndani ya makreti yenye muhuri wa kusafirishwa nchi jirani, rivasi za wananchi zilizopumzishwa. Wageni waalikwa waliziangalia, wakaangaliana, wakaweka sahani chini. Hakuna aliyetoa amri. Kina mama walifungua kanga, madereva wa msafara wakavua makoti, na Koplo Lazaro mwenyewe alimsaidia Sikudhani kupakia kreti moja. Waziri hakuwa na nafasi ya kuona: alikuwa ameshaingia gari la Mkurugenzi, akaendesha mwenyewe kuwahi ndege. Inasemekana uwanja wa ndege alikosea lango, akarudi nyuma kidogo. Redio haikutangaza.

*

Tamko halijafutwa Tusonge, kwa sababu kufuta tamko ni aina ya kurudi nyuma. Lakini ukipita kwenye vichochoro utasikia magari yakitoka kinyumenyume, polepole, na mjumbe wa mtaa akipuliza filimbi kuyaelekeza.

Jiko la Bi Kuruthumu limesimama tena. Kifusi cha nyumba ya Mpelumbe kilikuwa kimetupwa barabarani, na Kikosi cha Kunyoosha Njia, kikiwa likizoni, kilileta matofali bila kuulizwa. Pembeni mwa mlango kiganja kimeungwa kwa saruji mpya. Ufa unaonekana. Siku kilipokauka Sikudhani aliweka mkono wake juu yake, na hapo ndipo alipolia, kwa nafasi, kama alivyoahidi.

Mpelumbe alifika siku moja mchana, bila tai, bila ukurugenzi. Alisimama kichochoroni akilitazama jiko. Alitazama sana ukuta wa ndani, nyuma ya mafiga, ulionakshiwa kwa vipande vya marumaru ya bluu.

"Bi Sikudhani," akasema. "Yale marumaru ni ya bafu langu."

Sikudhani hakuacha kukoroga.

"Unalalamika, Mkurugenzi?"

Mpelumbe akageuza macho. Kwenye benchi alikuwepo mjumbe wa mtaa anakula pilau. Kando yake Koplo Lazaro anakula pilau. Trifoni, ambaye sasa kazi yake ilikuwa kuosha masufuria, akakausha mikono, akaingia ndani, akatoka na kitu chenye waya.

"Hapana," akasema Mpelumbe. "Nimepita kushukuru."

"Karibu," akasema Sikudhani. "Sema kwa sauti, Bi Mwatumu yuko mbali."